Wasee, Hata Hewa Inahitaji Daftari

Wasee, kuna namba moja nataka muishike leo: 430.

Si bei ya unga, na si nauli ya kwenda ocha Ijumaa jioni. Mwezi wa Mei 2025, juu ya mlima mmoja kwenye visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, wastani wa kabonidayoksaidi hewani ulipita 430. Maana yake ni rahisi. Ukihesabu molekuli milioni moja za hewa kavu, 430 kati ya hizo ni hiyo gesi. Inakaa kitu kidogo, si ndio? Lakini kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kuchoma makaa ya mawe, ilikuwa karibu 280. Na hiyo gesi kidogo ndiyo inazuia joto lisitoroke duniani, vile blanketi hufanya usiku wa Julai Limuru.

Kila mtu ako na maoni yake kuhusu tabianchi. Kuna wenye wanasema dunia inaisha kesho, na kuna wenye wanasema ni stori za jaba za wazungu kutafuta pesa. Mimi leo nauliza swali dogo tu: nani alihesabu? Tunajuaje ni 430, si 390 ama 500?

Jibu linatupeleka kwa chuo kikuu kimoja huko California, na kwa mtu mmoja mkaidi sana. Na naona hiyo stori inafaa kila mwanafunzi wa chuo hapa Kenya, ju inahusu kitu tunachodharau kila siku: kuandika mambo kwa daftari bila kuchoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hewa pia ni mali.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1896, mwanasayansi wa Uswidi, Svante Arrhenius, alikaa chini akakadiria kwa hesabu vile dunia ingepata joto kama kaboni hewani ingeongezeka mara mbili. Mwaka 1938, mhandisi Mwingereza Guy Callendar akasema joto tayari limeanza kupanda na makaa ya mawe yanahusika. Wataalamu wengi walimsikiza, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Na sababu yao haikuwa ya kijinga. Walisema bahari ni kubwa mno, itameza kaboni yote tunayotoa. Tena vipimo vya hewa vya wakati huo vilikuwa vurugu tupu. Mmoja anapata namba hii, mwingine anapata ile, kulingana na upepo na moshi wa mji ulio karibu. Ni kama kupima kelele za mtaa ukiwa umesimama kando ya spika ya matatu.

Kwa hivyo kwa miaka mingi mabadiliko ya tabianchi yalikuwa mjadala wa maneno. Huyu anakisia hivi, yule anakisia vile, na hakuna mwenye risiti.

Katikati ya miaka ya 1950 akatokea kijana mkemia anayeitwa Charles David Keeling. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, akifanya utafiti katika chuo cha Caltech, Pasadena. Alijitengenezea kifaa chake cha kupima kaboni kwa usahihi ambao wengine hawakuwa nao. Kisha akabeba chupa za glasi mpaka Big Sur, pwani ya California, akapiga kambi, akawa anachukua sampuli za hewa mchana na usiku, hata saa ambazo mtu wa kawaida analala fofofo.

Akaona kitu. Usiku kaboni inapanda, ju mimea inapumua bila jua la kuifanya itengeneze chakula. Mchana inashuka. Lakini alasiri, hewa ikishachanganyika vizuri, namba ilikuwa karibu ile ile alikoenda kote: karibu 310. Manze, hiyo ilikuwa habari kubwa. Ilimaanisha chini ya zile vurugu zote kuna namba moja ya dunia nzima, na mtu mwenye subira anaweza kuipata.

Hapo ndipo chuo chetu cha leo kinaingia. Taasisi ya Scripps ya Elimu ya Bahari iko La Jolla, San Diego. Ilianza mwaka 1903 kama kituo kidogo cha kuchunguza viumbe wa baharini, na mwaka 1912 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha California. Miaka ya 1950 mkurugenzi wake alikuwa Roger Revelle. Yeye na mkemia mwenzake, Hans Suess, walikuwa tayari wanachokonoa lile jibu la kwamba bahari itameza kila kitu. Suess alikuwa ameangalia pete za miti na kuona alama ya makaa ya mawe hewani. Makaa yametoka kwa mimea ya mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hivyo kaboni yake haina tena ile aina yenye mnunurisho inayoitwa kaboni-14. Ukiichoma, unachanganya hewa na kaboni ya kale, ni kama kuongeza maji kwa chai. Miti ya juzi ilikuwa imekunywa hiyo chai nyepesi. Mwaka 1957 Revelle na Suess wakachapisha makala iliyosema kwa ufupi kwamba binadamu anaifanyia dunia nzima jaribio ambalo haliwezi kurudiwa.

Revelle alimleta Keeling Scripps mwaka 1956. Lakini hata wao wawili hawakuwa na wazo moja. Revelle alifikiria kama mtu wa kupiga picha: pima dunia mara moja, urudi baada ya miaka mingi, upime tena, ulinganishe. Keeling alitaka video. Alitaka mashine inayopima bila kusimama, siku baada ya siku. Nyinyi wenye mnashinda mkirekodi mnajua tofauti. Picha mbili zinaweza kukuonyesha mtu akiwa hapa na baadaye akiwa pale, lakini hazikuambii alipitia wapi.

Pesa za mradi wa kimataifa wa kuchunguza dunia, uliofanyika mwaka 1957 na 1958, zikasaidia kununua mitambo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ikatoa nafasi kwenye kituo chake cha Mauna Loa, huko Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuna kiwanda pale, hakuna msitu, ni mawe ya volkano na upepo uliosafiri maelfu ya kilomita juu ya maji. Machi 1958 mashine ikasoma namba yake ya kwanza: 313.

Aprili ikapanda. Mei ikapanda tena. Halafu stima ikapotea. Ndio, hata wao. Mashine iliporudi, namba ilikuwa imeshuka chini ya ile ya Machi. Hebu fikiria uko kwa viatu vyake. Umeomba pesa za watu, umesema utawapa namba ya dunia, na sasa namba yenyewe inacheza kama bei ya nyanya. Mtu mwingine angesema mashine imeharibika.

Keeling aliendelea kuandika. Mwaka ulipozunguka, ule mchezo ukajirudia, na akaelewa anachokiona. Mimea mingi ya nchi kavu iko upande wa kaskazini wa dunia. Huko majani yakichipuka, yanavuta kaboni na namba inashuka mpaka Septemba au Oktoba. Majani yakianguka na kuoza, kaboni inarudi na namba inapanda mpaka Mei. Dunia inapumua, mara moja kwa mwaka, na hakuna mtu alikuwa ameiona ikipumua kabla ya hapo. Mwaka 1960 akachapisha ushahidi wa kwanza wa jambo la pili: kila mwaka pumzi inaanzia juu kidogo kuliko mwaka uliopita. Bahari haikuwa inameza yote.

Ule mchoro unaopanda kwa mawimbi madogo kama meno ya msumeno ndio leo unaitwa Mkondo wa Keeling. Ulimaliza ubishi mmoja milele. Unaweza kubishana kuhusu sera, kodi na nani alipe, lakini huwezi kusema kaboni haiongezeki.

Sasa kuna sehemu ya hii stori ambayo watu huiruka, na ndiyo sehemu naipenda zaidi. Ni sehemu ya doh.

Mwaka 1964 bajeti zilikatwa na kipimo cha Mauna Loa kikasimama kwa miezi kadhaa. Ukiangalia data leo, hilo pengo bado liko, kama jino lililong'oka. Haliwezi kuzibwa, ju hewa ya 1964 haiwezi kurudishwa ipimwe. Miaka ya 1970 wafadhili wakaanza kumuuliza Keeling swali ambalo linasikika la busara: hii kazi yako ni uvumbuzi, ama ni kazi ya kawaida tu ya kila siku? Kama ni ya kawaida, si uiachie shirika la serikali? Mwaka 1974 shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, NOAA, likaanza kupima lenyewe kwenye mlima huo huo. Keeling alikataa kuacha. Alitaka madaftari mawili, ili moja likikosea lingine lisema.

Mimi naona lile swali la wafadhili ndio ugonjwa wenyewe. Tumezoea kulipa kitu kipya na kuchoka na kitu kinachoendelea. Lakini kwa tabianchi, kitu kipya kiko ndani ya kile kinachoendelea. Kipimo cha siku moja hakina maana yoyote. Cha mwaka kinaonyesha dunia ikipumua, na cha miaka kumi kinaonyesha kupanda. Cha miaka zaidi ya sitini kinaonyesha kwamba hata kasi ya kupanda inaongezeka: miaka ya 1960 ilikuwa chini ya sehemu moja kwa milioni kila mwaka, sai inapita mbili. Hakuna mtu angeweza kuandika hilo kwenye ombi la pesa la mwaka 1956, kwa sababu hakuna mtu alilijua.

Ndio maana nasema mchango wa chuo kwenye historia hii ulikuwa kumpa mtu nafasi ya kuchosha watu kwa nusu karne. Kampuni ya biashara ingeuliza faida iko wapi mwaka wa pili. Serikali ingebadilika, waziri mpya aje na miradi yake. Chuo kilimpa ajira, maabara, wanafunzi na jina la kusimama nalo akigombana na wafadhili. Keeling alifariki mwaka 2005 akiwa bado mtu wa Scripps, na mwanawe Ralph, naye mtafiti pale pale, akashika daftari. Na kabla useme ni kujuana, Ralph alikuwa tayari amejenga jina lake kwa kupima oksijeni hewani tangu mwisho wa miaka ya 1980, akaonyesha inapungua tunavyochoma mafuta. Ni risiti nyingine ya kesi ile ile.

Tusidanganyane pia. Scripps haikuwa maskini. Jeshi la wanamaji la Marekani lilimwaga pesa nyingi huko kuanzia Vita vya Pili vya Dunia, ju nyambizi zinahitaji watu wanaoielewa bahari. Subira ina bei, na wao walikuwa na mtu wa kuilipa. Lakini hata huko pesa hazikuwa za uhakika. Ralph mwenyewe aliwahi kuomba umma umchangie, kama sisi tunavyochangia hospitali kwa nambari ya simu. Novemba 2022 Mauna Loa ililipuka, lava ikakata barabara na stima, na vipimo vikahamishiwa kwa muda mlima jirani wa Mauna Kea. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza bajeti ambayo ingefuta sehemu kubwa ya utafiti wa NOAA, pamoja na kituo chake cha Mauna Loa. Volkano unaweza kuikwepa kwa kuhamia mlima mwingine. Kalamu ya mtu wa bajeti ni ngumu zaidi.

Najua kuna msee atasema: sawa, wamepima miaka zaidi ya sitini, na mstari bado unapanda. Kuna haja gani?

Ni swali la haki. Kipimo hakizimi moshi, vile mizani ya kliniki haishibishi mtoto. Lakini mama akiambiwa mtoto amepungua kilo mbili, hakuna mtu anaweza kumwambia anawaza tu. Kabla ya 1958 mwenye kuchafua angeweza kusema bahari itameza. Leo hawezi. Na siku mstari utaanza kuinama, ni kipimo hicho hicho kitatuambia kama nchi kubwa zilipunguza kweli ama zilipiga tu picha kwa mikutano. Bila daftari, mdeni na mkopeshaji wote wanaapa wanasema ukweli.

Na sisi ndio tunadai. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya kaboni ya dunia, lakini ukame unajua njia ya kuja Turkana na Marsabit. Kuanzia mwisho wa 2020 kaskazini mwa nchi ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Halafu Aprili 2024 maji yakabeba nyumba Mathare na watu Mai Mahiu. Tunajuaje kwamba hayo hayakuwa mambo ya kawaida? Tunajua kwa sababu kuna watu ambao, kila siku saa tatu asubuhi, walisoma kipimo cha mvua na kuandika milimita kwa kitabu, miaka nenda miaka rudi. Majina yao hutayasikia popote.

Wengi hawajui kwamba tuna mlima wetu kwenye hii kazi. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu, kuna kituo cha kupima hewa cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, ndani ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kiko karibu kabisa na ikweta, kwenye bara ambalo vituo vya aina hiyo vinahesabika kwa vidole. Ni dhahabu. Lakini stima imekisumbua, na rekodi yake ina mapengo ya miaka. Mapengo ya Mauna Loa ya 1964 ni ya miezi na dunia bado inayalilia. Yetu nani anayalilia?

Na hatukosi watu. Marehemu Profesa Laban Ogallo alifundisha elimu ya hali ya hewa Chuo Kikuu cha Nairobi na akaongoza kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa hapa Nairobi mwaka 1989, ambacho leo kinaitwa ICPAC na kinatoa utabiri wa misimu kwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Wakulima wanaosikia redioni kama mvua ya vuli itachelewa wanakula matunda ya kazi ya watu kama yeye. Kwa hivyo msiniambie hii ni sayansi ya wenyewe huko mbali.

Kile tunakosa ni subira inayolipwa. Angalia vile mambo huenda kwenye vyuo vyetu. Mradi unakuja na mfadhili, unakaa miaka mitatu, kuna warsha, kuna fulana na chakula cha mchana, halafu mfadhili anaondoka na mashine inafunikwa karatasi. Mwanafunzi anapima maji ya mto mwaka mmoja kwa ajili ya tasnifu, anahitimu, daftari linabaki kwa shelfu. Mwaka unaofuata mwingine anaanza upya, mto mwingine, kipimo kingine. Tunapiga picha nyingi sana, na hatuna video.

Kwa hivyo nina pendekezo, na si la kungoja serikali. Kila chuo kichague kitu kimoja cha pale kilipo na kiape kukipima bila kusimama. Chuo cha Pwani kichukue joto la maji ya bahari. Cha Kisumu kichukue ziwa. Cha Nairobi kichukue hewa ya barabarani. Kila darasa linaloingia lirithi daftari kutoka kwa lililo mbele yake, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye alama, si kama adhabu ya mwaka wa kwanza. Data iwekwe wazi, mtu yeyote aisome kwa simu. Pesa zake ziwe ndani ya bajeti ya chuo yenyewe, ndogo lakini za kila mwaka, zisitegemee mgeni. Na kama uko shule ya upili, kipimo cha mvua ni mkebe na rula. Saa tatu asubuhi, kila siku, hata Jumapili, hata likizo. Pangeni zamu.

Itaboesha? Sana. Hakuna atakayekupigia makofi siku ya 200. Keeling hakupigiwa makofi siku ya 200 pia. Lakini mtoto atakayezaliwa mwaka huu akifika umri wako atauliza Nairobi ilikuwa na joto gani, ziwa lilikuwa wapi, mvua ya masika ilianza lini. Atajibiwa na daftari ama atajibiwa na stori za jaba.

Wewe uko chuo gani, na chuo chako kinapima nini ambacho kilikipima jana na kitakipima kesho? Uliza mhadhiri wako wiki hii, halafu uniandikie hapa chini alichokujibu.